Somo la 7: Kabari Iliyojaribiwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 17:32–40, 1 Fal. 19:9–13, Dan. 1:8–16, Ebr. 5:12–14, Zab. 18:1–3, Mt. 7:24–27, Dan. 3:16–18, Mhu. 4:9–12.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 5:21. Paulo anawaagiza waumini wapime kila jambo, na lile litakaloonekana kuwa jema walishike kwa nguvu. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Kupanda miamba kuna namna nyingi. Mahali pengine jabali limekwisha kutobolewa na bolti za chuma kufungwa humo, na mpandaji hupachika kamba yake tu na kuendelea. Lakini iko namna ya kimapokeo, ambayo ndani yake jabali huachwa kama lilivyoumbwa. Anayetangulia hupanda akiwa amefungwa kamba kiunoni, na mwenzake aliye chini huishika kamba hiyo. Kila baada ya hatua kadhaa hutafuta ufa katika mwamba, huchagua kabari ya chuma inayolingana na ufa huo, huiingiza, huivuta ikae, kisha huiunganisha na kamba kwa karabina. Akiwa amepita kabari yake ya mwisho kwa meta 3, na mkono ukateleza, ataanguka meta 6 au zaidi kabla kamba haijamdaka.

Watu hupanda hivyo katika bonde la Yosemite huko California, na katika majabali ya Peak District nchini Uingereza. Hata vilele viwili virefu vya Mlima Kenya, Batian wenye meta 5,199 na Nelion wenye meta 5,188, havifikiwi kwa miguu peke yake. Lazima kamba na kabari.

Wapandaji wengi husema kwamba jambo gumu zaidi la kujifunza ni kuitegemea kabari waliyoiweka wenyewe. Hakuna fundi aliyepita kuikagua, wala mhuri wa serikali. Kuna ufa, kuna kipande cha chuma, na kuna mtu aliyekiweka dakika tano zilizopita, ambaye sasa anapaswa kupanda juu yake. Atajuaje kwamba kitashika?

Swali hilo halimhusu mpandaji peke yake. Juma hili tunatazama jinsi Biblia inavyofundisha tofauti kati ya imani ya kusikia kwa wengine na imani iliyojaribiwa.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mavazi ya Sauli

Soma 1 Samweli 17:32–40. Daudi alitoa sababu gani ya kuyavua mavazi ya vita ya Sauli?

Mavazi yale hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mfalme, na bila shaka hapakuwa na mengine bora kuyashinda katika kambi ya Israeli. Daudi hakuyadharau, wala hakusema kwamba chuma ni dhambi. Aliyavaa, akajaribu kutembea, kisha akayavua kwa sababu moja: hakuwa ameyajaribu. Akaenda kijitoni, akachagua mawe matano laini. Kombeo alilijua. Simba na dubu walikuwa mashahidi wake.

Mpandaji mgeni huweza kuazima kabari za mtu hodari, zote mpya, zimepangwa vizuri kiunoni kwa ukubwa wake. Chini ya mwamba anaonekana sawa na mwenye nazo. Lakini akifika meta 20 juu, miguu ikianza kutetemeka, hajui mkono uende kwenye kabari ipi. Anajaribu moja, ni kubwa. Anajaribu nyingine, inapita mpaka nyuma ya ufa. Ubora wa chuma haumsaidii, kwa sababu ujuzi wa mwenye chuma haukuazimwa pamoja nacho.

Tena, mara nyingine hukuta ndani ya ufa vifaa vilivyoachwa na watu waliotangulia: msumari wenye kutu, au ukanda uliochakaa kwa jua la miaka mingi. Mwenye hekima hakitegemei kifaa kwa sababu tu amekikuta hapo. Hukitazama, hukivuta, na ikiwezekana huweka cha kwake karibu.

Yuko kijana aliyelelewa katika nyumba ya waumini. Anaijua sala ya baba yake neno kwa neno, na majibu ya mwalimu wa darasa anayo. Kisha anakwenda chuoni, au mjini kutafuta kazi. Usiku mmoja yuko peke yake mbele ya uamuzi, na hakuna wa nyumbani anayemwona. Usiku huo sala ya baba inaweza kugeuka mavazi ya Sauli.

Wana wa Skewa walijaribu kulitumia jina la Yesu kwa sababu Paulo alimhubiri (Mdo 19:13–16). Wakatoka mbio, uchi na wenye majeraha. Bali Wasamaria walianza kwa neno la mwanamke, kisha wakafika mahali pa kumwambia kwamba sasa wamesikia wenyewe na kujua (Yn. 4:39–42). Wahenga walisema: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Hata hivyo urithi si kitu cha kutupwa. Timotheo alikumbushwa imani ya bibi yake na ya mama yake, akaambiwa akae katika yale aliyojifunza na kuyahakikisha (2 Tim. 1:5, 3:14, 15). Wazazi humkabidhi mtoto vifaa. Kuvijaribu ni kazi ya mtoto mwenyewe.

Ni jambo gani katika imani yako unalolikiri kwa sababu tu ulilikuta kwa waliokutangulia? Utalijaribuje bila kulidharau?

JUMATATU
Bila Mlio wa Nyundo

Soma 1 Wafalme 19:9–13. Eliya alitazamia Mungu ajidhihirishe kwa namna gani, na alijidhihirisha kwa namna gani?

Kwa miaka mingi wapandaji walijilinda kwa kupigilia misumari ya chuma yenye tundu ndani ya nyufa. Msumari ulikuwa na faida moja iliyopendwa sana: ulisema. Ulipoingia vizuri, mlio wake ulipanda juu kwa kila pigo la nyundo, na mpandaji aliusikia wokovu wake kwa masikio. Lakini kila aliyepita alipigilia na kung'oa, na nyufa za Yosemite zikaanza kupasuka na kutoboka.

Huko Uingereza watu walikuwa wamezoea njia nyingine. Walibeba vijiwe mifukoni, wakavibana ndani ya nyufa na kupitisha kamba nyuma yake. Katika miaka ya 1950 walianza kutumia nati za mashine; waliondoa meno ya ndani kwa kuzitoboa, wakapitisha kamba katika tundu. Hadi leo kabari ndogo huitwa nati kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaanza kutengenezwa kabari maalumu za kupandia. Mmarekani Royal Robbins aliiona njia hiyo, na mwaka 1967 yeye na mkewe Liz walipanda njia mpya huko Yosemite kwa kutumia nati tupu, bila kupigilia msumari hata mmoja. Mwaka 1972 Yvon Chouinard na Tom Frost, ambao biashara yao ilitegemea sana kuuza misumari, waliwahimiza wateja wao katika katalogi yao waache nyundo na kutumia kabari, ili mwamba usiharibiwe.

Wapandaji wengi waliingiwa na hofu. Kabari haipigiwi nyundo. Inawekwa kwa vidole, inavutwa, inakaa kimya. Aliyezoea kusikia mlio alijiuliza: je, kitu kisicho na sauti kitanishika? Ilimbidi ajifunze upya, kwa macho na kwa mkono: kutazama jinsi chuma kinavyogusa mwamba, na ufa unavyopungua kuelekea upande wa mvuto.

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka mbele ya taifa zima. Kule Horebu ulipita upepo wa kuvunja miamba, likapita tetemeko, ukapita moto, na Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ya utulivu, ndogo. Nabii aliyezoea mlio mkubwa alipaswa kujifunza kuutambua uwepo wa Mungu bila mlio.

Waumini wengi huipima imani kwa kishindo chake: machozi katika ibada, wimbo uliotikisa paa, ushuhuda uliowasimamisha watu. Hayo yana nafasi yake. Lakini asubuhi ya Jumatatu, kwenye foleni ya hospitali au mbele ya mwajiri asiyetaka kusikia habari za Sabato, hakuna mlio. Kuna ahadi iliyosomwa, ikaeleweka, ikashikwa. Kukaa kwake kimya si dalili kwamba ni dhaifu.

Je, uliwahi kudhani kwamba Mungu hayupo kwa sababu tu hukuhisi kitu? Ni nini kilichokuwa kikikushika wakati ule?

JUMANNE
Siku Kumi za Majaribio

Soma Danieli 1:8–16 na Waebrania 5:12–14. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu mazoezi katika maisha ya imani?

Hakuna anayejifunza kuitegemea kabari akiwa meta 30 juu ya ardhi. Kujifunza huanza chini ya mwamba, miguu ikiwa imekanyaga udongo. Mwanafunzi huweka kabari katika ufa ulio sawa na kifua chake, huining'iniza ukanda, kisha hukaa juu yake kwa uzito wake wote. Ikichomoka, ameanguka nusu hatua na kuvumbika nguo. Anairudia. Anaweka hamsini, anaweka mia, mpaka mkono unaanza kuutambua ufa kabla akili haijasema.

Baadaye hufuata nyuma ya mtu mzoefu. Kazi yake ni kuzichomoa kabari za yule aliyetangulia, moja moja. Kazi hiyo ni shule. Anaona kwa nini hii iliwekwa hapa na si pale, na kwa nini hii ilikaa imara hata ikawa shida kuitoa. Kisha zamu hugeuka: mwanafunzi anatangulia kwenye mwamba mwepesi, na mzoefu anafuata nyuma akikagua. Akifika juu anamwambia kweli: nane zilikuwa njema, mbili zisingekushika, nazo ni hizi. Maneno hayo huweza kuuma, lakini yana faida kuliko sifa mia. Asiyejua ni zipi mbili zilizokuwa mbovu hawezi kuzitegemea zile nane kwa haki.

Danieli hakuanza na tundu la simba. Alianza mezani. Aliomba ajaribiwe siku kumi, kwa mtama na maji, mbele ya msimamizi aliyeweza kuona matokeo kwa macho. Lilikuwa jambo dogo lenye mwisho unaoonekana. Miaka mingi baadaye, amri ya mfalme ilipotiwa sahihi, Danieli alipiga magoti kama alivyokuwa akifanya tangu hapo (Dan. 6:10). Hapakuwa na jambo jipya la kujifunza siku ile.

Mwandishi wa Waebrania anasema kwamba watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kwa kutumiwa, wapate kupambanua mema na mabaya. Neno la kutazama ni kuzoezwa. Kupambanua hakuji kwa umri, wala kwa kukaa muda mrefu kwenye benchi la kanisa. Huja kwa kutumia.

Basi anayetaka kuitegemea ahadi ya Mungu katika siku ya msiba, aanze kuitegemea katika siku ya kawaida: katika zaka ya mshahara mdogo, katika ukweli unaosemwa dukani ingawa utapunguza faida, katika dakika kumi za maombi kabla ya simu kuwashwa. Naye aliyekomaa asikae mbali. Yuko mwanafunzi anayehitaji mtu wa kufuata nyuma yake na kumwambia kweli kwa upendo.

Ni jaribio gani dogo la siku kumi unaloweza kulianza juma hili? Ni nani utakayemwomba akukague?

JUMATANO
Kinachoshika ni Mwamba

Soma Zaburi 18:1–3, Mathayo 7:24–27 na Mithali 3:5, 6. Je, kujifunza kuamini ulichokiweka mwenyewe kunapingana na onyo la kutozitegemea akili zako?

Kila kabari huandikwa namba inayoonyesha nguvu yake. Zile kubwa zimepimwa kubeba kilonewtoni 10 au zaidi, yaani karibu uzito wa tani moja. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni habari ya chuma peke yake. Haisemi lolote juu ya ufa ambamo chuma hicho kitawekwa. Kabari yenye nguvu ya tani moja, ikiwekwa nyuma ya gamba la jiwe lililolegea, haina nguvu ya kumshika mtoto.

Kwa hiyo mpandaji mwenye busara hautazami mkono wake kwanza, huutazama mwamba. Huugonga kwa kiganja. Jiwe zima hujibu kwa sauti nzito, fupi. Jiwe lililoachana na jabali huvuma, na wahenga walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kisha huutazama ufa: je, unapungua kuelekea chini, ili kabari ikivutwa izidi kubana? Je, chuma kinagusa jiwe kwa uso mpana au kwa ncha tu? Mtu akianguka, mvuto utatoka upande gani?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilianza kuuzwa vifaa vya springi vilivyobuniwa na Ray Jardine. Vina vipande vyenye mgongo wa mviringo, na kamba ikivutwa, vipande hivyo hupanuka na kuzisukuma kuta za ufa. Uzito unapozidi, kubana kunazidi. Lakini hata hivyo vinahitaji kuta imara za kusukuma. Katika jiwe bovu, vitalivunja jiwe na kutoka.

Hapa lipo jibu la swali la leo. Mpandaji anapojifunza kuiamini kabari yake, hajifunzi kujiamini mwenyewe. Anajifunza kuutambua mwamba, na kujiunganisha nao ipasavyo. Kabari haishiki, mwamba ndio unaoshika. Kazi ya kabari ni kuuhamishia mwamba uzito wa mtu.

Daudi anamwita Bwana mwamba wake na ngome yake. Yesu alisema juu ya wajenzi wawili, wote walijenga, wote walipata mvua ile ile. Tofauti ilikuwa chini. Na mwenye hekima, kwa kauli ya Yesu, ni yule asikiaye maneno yake na kuyafanya. Kutenda ndiko kunakoiunganisha nyumba na mwamba.

Kwa hiyo lipo kosa la pande mbili. Mmoja anasema, “Imani yangu ni kubwa,” naye ameiweka kwenye kipawa chake, mali yake, au mchungaji anayempenda. Chuma ni kizuri, jiwe limelegea. Mwingine anasema, “Imani yangu ni ndogo mno,” naye ameiweka kwa Kristo. Kabari ndogo katika jabali zima humshika mtu.

Ugonge mwamba unaousimamia leo. Kama kazi yako, afya yako au jina lako lingeondolewa, kitabaki nini cha kukushika?

ALHAMISI
Kabari Inapochomoka

Soma Danieli 3:16–18 na Mhubiri 4:9–12. Vijana watatu walikuwa na hakika ya nini, na hawakuwa na hakika ya nini?

Asiyeziamini kabari zake hupanda vibaya. Huyabana mawe kwa nguvu kuliko inavyohitajika, mpaka mikono inajaa na kukataa kufumbua. Kila nusu meta husimama kuweka kabari nyingine, na kabla hajafika katikati zimemwishia. Mara nyingi mtu wa namna hii huanguka kwa sababu ya kuogopa kuanguka. Petro alitembea juu ya maji mpaka alipoutazama upepo (Mt. 14:28–31). Upepo ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mahali macho yalipokuwa.

Lakini pia ni kweli kwamba kabari huchomoka. Mara nyingine haichomolewi na anguko kubwa, bali na kamba yenyewe, inayopita juu yake ikiitikisa kidogo kidogo, ikiivuta juu na pembeni, mpaka inalegea na kutoka wakati mpandaji amekwisha kuisahau. Dawa yake ni ukanda mrefu kati ya kabari na kamba, ili mtikiso wa kamba usiifikie. Vivyo hivyo imani ya wengi haikuvunjwa na tufani. Ililegezwa na mambo madogo ya kila siku: sala iliyoahirishwa, ugomvi ulioachwa ulale, Biblia iliyofunikwa juma moja, kisha la pili. Sabato ni mojawapo ya kanda ndefu ambazo Mungu ameziweka kati ya roho na mitikiso ya juma.

Ziko pia kabari zilizowekwa kwa uangalifu wote, zikatoka. Hapa somo linagusa jeraha. Yuko mama aliyemwombea mtoto wake mgonjwa, akafunga, kanisa likaomba pamoja naye, na mtoto akafa. Hakuna haki ya kumwambia kwamba hakuamini vya kutosha. Waebrania 11:35 inakiri kwamba wengine hawakuokolewa na mateso, nao wameorodheshwa pamoja na walioziba vinywa vya simba. Wale vijana watatu walijua kwamba Mungu wao anaweza. Hawakujua kama safari hii atawaokoa na tanuru. Hawakuitundika imani yao yote kwenye jibu moja.

Ndiyo maana mpandaji afikapo mahali pa kusimama hajifungi kwenye kabari moja, hata iwe nzuri namna gani. Huweka tatu au zaidi, na kuzifunga ili zigawane uzito. Moja ikitoka, nyingine zinabaki zimeshika. Anafanya hivyo pia kwa sababu hayuko peke yake. Mwenzake anayefuata ataning'inia hapo hapo. Mzazi, mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa wakumbuke: kuna mtu aliye chini ambaye uzito wake uko kwenye kituo walichokifunga wao.

Mhubiri anasema kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, na kwamba kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Mama yule aliyefiwa, siku ambayo sala yake mwenyewe haikupanda, alihitaji kushikwa na vitu vingine: ahadi ya ufufuo, kumbukumbu za uaminifu wa Mungu wa zamani, na akina mama waliokuja kukaa naye mkekani bila kusema neno.

Ni nani katika kanisa lako ambaye kabari yake imechomoka? Unawezaje kumshikia kamba juma hili bila kumhukumu?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mathayo 25:1–13, Luka 22:31–34 na Yohana 21:15–19.

Wanawali wapumbavu walikuwa na taa kama wenzao, na walimngoja bwana arusi yule yule. Usiku wa manane waligundua kwamba mafuta ya mwingine hayagawanyiki. Petro naye alidhani kwamba anajijua, akaahidi kwenda hata kifoni, na kabla ya jogoo kuwika akawa amekana mara tatu. Baada ya ufufuo, Bwana hakumuuliza tena anaweza kufanya nini. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo. Mtu aliyekwisha kuona kabari ya majivuno ikichomoka alikuwa sasa tayari kuulinda uzito wa wengine.

Kujifunza kutegemea ni mwendo, wala si jambo la siku moja. Huanza chini, kwa mambo madogo. Huhitaji macho ya mwenzi mwaminifu na mkono usiochoka kurudia. Nao haumwondolei mtu hofu yote. Mwandishi wa Zaburi 56:3 hasemi kwamba haogopi. Anataja atakalofanya siku atakapoogopa. Mpandaji mzoefu naye huhisi moyo ukidunda anapoipita kabari yake. Lakini ameutazama mwamba, ameugonga, ameivuta kabari kwa nguvu, na anajua alichokiona. Hatua inayofuata anaichukua kwa ujuzi huo, moyo ukiendelea kudunda.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa linawezaje kuwasaidia vijana wajaribu imani yao wenyewe bila kuwaona kama waasi wanapouliza maswali? Waberoya walisifiwa kwa lipi (Mdo 17:11)?

2. Jadilini tofauti kati ya kumjaribu Mungu kwa kiburi (Mt. 4:5–7) na kulijaribu neno lake kwa utii (Mal. 3:10). Mstari wa kuyatenga hayo mawili uko wapi?

3. Mwanafunzi wa kupanda anahitaji mtu wa kumwambia kwamba kabari mbili kati ya kumi zilikuwa mbovu. Kwa nini ni vigumu kuambiana kweli namna hiyo katika darasa la Shule ya Sabato? Ni nini kingefanya iwe rahisi zaidi?

4. Mtu anasema, “Niliomba, sikujibiwa, sasa siwezi kuamini tena.” Kwa kutumia Danieli 3:16–18 na Waebrania 11:32–40, darasa lingemjibu nini? Ni maneno gani ambayo lisingepaswa kumwambia?

5. Taja mambo madogo ya kila siku ambayo hulegeza imani ya watu wa eneo lenu polepole. Ni kanda gani ndefu ambazo familia zinaweza kuziweka kati ya mitikiso hiyo na mioyo yao?